Mwanao Akisoma Falsafa: Tukipime Kitabu cha Imam Ghazali

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanaadamu akili, kisha akamletea Mitume ili akili hiyo isipotee njia. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, siku moja baada ya sala ya Laasiri alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu, ameshika karatasi mkononi. Binti yake alikuwa amefaulu mtihani wa sekondari na amepata nafasi Chuo Kikuu. Aliomba sheria, lakini alichopewa ni falsafa. Mama yule akaniuliza: “Maalim, falsafa ndiyo nini? Majirani waniambia nampeleka mwanangu akasome ukafiri. Mjomba wake naye asema elimu ni elimu, aende tu, hapana neno. Nimfuate nani?”

Majibu haya mawili, la majirani na la mjomba, ndiyo yanayotembea majumbani mwetu mpaka leo. Huyu afunga mlango, na yule aufungua kisha akaenda zake. Wote wawili hawakuuliza ndani ya nyumba mna nini. Nami sikutaka kumjibu mama yule kwa kauli yangu. Nilimwomba siku tatu, nikarudi kwenye kitabu kimoja nilichokuwa nimekisoma ujanani na kukiweka rafuni. Kitabu chenyewe ni “Al-Munqidh mina-dh-Dhalaal”, yaani “Mwokozi kutokana na Upotevu”, cha Imam Al-Ghazali. Leo nataka mimi nawe tukisome pamoja, tukione kinatufaa wapi, na wapi hakitutoshi.

Usishituke kusikia nasema hakitutoshi. Kitabu kisicho na upungufu ni kimoja tu, nacho ni kile kilichoteremshwa. Imam Ghazali mwenyewe, ndani ya kitabu hiki hiki, atukumbusha mafunzo ya Sayyidna Ali (R.A.), kwamba tuijue haki kwanza, kisha ndipo tuwajue watu wake, wala tusiipime haki kwa ukubwa wa majina. Basi tukimpima Imam twafuata agizo lake.

MWENYE KITABU

Imam Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani ambayo leo ni Iran, mwaka 450 H. (1058). Baba yake alikufa naye ni mdogo, akalelewa yeye na nduguye Ahmad na rafiki wa baba yao, Sufi asiyekuwa na mali. Alisoma fiq-hi ya madhehebu yetu ya Shafi, kisha akakaa Naisaburi kwa Imamul-Haramayn Al-Juwayni mpaka sheikh huyo alipofariki mwaka 478 H. (1085). Mwaka 484 H. (1091), naye bado hajafika miaka 35, Waziri Nidhamul-Mulk alimpa kiti cha kusomesha katika Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Hapo alikuwa na wanafunzi wapatao mia tatu.

Wengi wenu mwaijua “Ihyaa” yake. Hata asiyeisoma ameisikia ikitajwa msikitini mwezi wa Ramadhani. Lakini “Al-Munqidh” ni kitabu cha namna nyingine. Imam alikitunga umri wake umepita miaka hamsini, na humo aeleza safari ya moyo wake mwenyewe: alishuku nini, alisoma nini, alikimbia nini na alipata nini. Ni nadra mwanachuoni mkubwa kusimama mbele ya watu akasema, “Mimi niliwahi kupotelewa.” Kwa hiyo ushujaa kitabu hiki chastahiki kusomwa hata kama hakingekuwa na faida nyingine.

GILASI IKIVUNJIKA

Imam aanza na jambo ambalo kila mzazi alisikilize kwa makini. Asema kwamba tangu ujana wake aliona watoto wa Kinasara wakikua Manasara, watoto wa Kiyahudi wakikua Mayahudi, na watoto wa Kiislamu wakikua Waislamu. Akaikumbuka Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya maumbile safi, kisha wazazi wake ndio wanaompa dini yao. Hapo akajiuliza: basi maumbile yale ya asili ni yapi, na mimi najuaje kwamba nilichonacho ni haki, wala si urithi tu kama nyumba na shamba?

Kisha swali likamwingia zaidi. Akasema, niyaamini macho yangu? Lakini jicho hukitazama kivuli likakiona kimesimama, na kumbe kinatembea. Huiona nyota ndogo kama dinari, na wenye elimu ya hesabu wakathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Basi niiamini akili? Lakini aliyelala akiota huona mambo akayaamini kabisa, na akiamka hayako. Ni nini kitanijulisha kwamba hali hii ya macho nayo si ndoto mbele ya hali nyingine? Alikaa na maradhi hayo karibu miezi miwili, hakumwambia mtu. Hakupona kwa kupanga hoja. Asema alipona kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake.

Sasa tazama, msomaji. Binti wa mama yule akifika Chuo Kikuu, katika masomo ya mwanzo kabisa atapewa kitabu cha Mfaransa Descartes, kilichotoka mwaka 1641. Humo atakuta mtu ashuku macho yake, kisha ashuku kama yu macho au aota. Atadhani ni jambo jipya, na pengine litamtisha. Lakini aliyekisoma “Al-Munqidh” atasema: swali hili nalijua, lilishaulizwa na Imam wa madhehebu yangu zaidi ya miaka 500 kabla ya Mfaransa huyu. Sisemi kwamba Descartes alilichukua kwa Imam, na njia walizotokea ni mbali mbali. Nasema tu kwamba anayekutana na mtu amjuaye hashituki kama anayekutana na mgeni usiku.

Na katika sehemu hii kuna mfano mmoja ambao kwangu mimi ndio moyo wa kitabu. Imam asema kwamba mwenye kufuata tu, yaani mwenye taqlid, hutulia maadamu hajui kwamba anafuata tu. Akishajua, gilasi ya taqlid yake imevunjika. Na gilasi iliyovunjika haiungwi kwa viraka. Haina ila irudishwe motoni, iyeyushwe, ifinyangwe upya.

Hapa sina budi nikuungamie jambo. Mwaka 1993 nilikuwa nikisomesha darasa ya jioni. Kijana mmoja wa umri wa miaka kumi na sita, hodari kuliko wenziwe wote, aliinua mkono akaniuliza: “Maalim, lau mimi ningezaliwa nyumba ya Mabaniani, si ningekuwa Baniani? Basi Uislamu wangu una fadhila gani?” Wenziwe wakacheka. Mimi nikaghadhibika. Nikamwambia atoke, na asirudi mpaka akioshe kinywa chake. Alitoka, wala hakurudi.

Alikwenda masomoni bara. Miaka kumi na miwili baadaye babake alifariki. Kijana alikuja, akalibeba jeneza pamoja nasi mpaka uwanja wa msikiti. Tulipopanga safu kumsalia marehemu, yeye alibaki nje, amesimama penye viatu. Sote tulimwona. Hapana aliyesema neno.

Siwezi kusema kwamba ni mimi niliyemfikisha pale. Hayo ayajua Mwenyezi Mungu. Lakini swali alilouliza ni lile lile la Imam Ghazali, karibu neno kwa neno, katika kurasa za mwanzo za kitabu kilichokuwa rafuni kwangu siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimekisoma, nimekisifu, na sikukitambua kiliponijia kwa miguu yake.

RAFIKI MJINGA

Jambo la pili kubwa la kitabu hiki ni uadilifu wake. Imam hakuitukana falsafa kwanza kisha akaisoma baadaye. Alifanya kinyume. Aliona wanachuoni wa ilmul-kalam wakiwarudi wanafalsafa kwa maneno yasiyogusa hoja zao, akasema kuwa kuirudi kauli kabla ya kuifahamu ni sawa na kutupa mshale gizani. Basi akakaa akasoma vitabu vyao, bila ya mwalimu, katika nyakati zilizobaki baada ya kusomesha na kuandika. Ilimchukua muda usiotimia miaka miwili, kisha akazidisha karibu mwaka mzima kuyarudia na kuyafikiri. Ndipo akaandika “Maqasid” kueleza wasemayo, na “Tahafut” kuwarudi, mwaka 488 H. (1095).

Jiulize, ndugu yangu: wale wanaopiga makelele juu ya falsafa leo, ni wangapi waliokaa nayo hata miezi miwili?

Baada ya kusoma, Imam aligawanya elimu za wanafalsafa mafungu sita: hesabu, mantiki, elimu ya maumbile, elimu ya mambo ya Mungu, siasa na tabia. Hesabu, asema, haina neno na dini, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Mantiki kadhalika, kwani ni mizani ya kupimia hoja. Makosa yao mengi yamo katika fungu la mambo ya Mungu. Huko aliwahesabia masuala ishirini. Katika matatu aliwahukumia ukafiri: kusema kwao kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mwenyezi Mungu hajui mambo madogo madogo mmoja mmoja, na kwamba miili haitafufuliwa. Kumi na saba yaliyobaki aliyahesabu kuwa ni uzushi.

Unaona mizani hiyo? Hakusema “falsafa yote”. Alihesabu. Alisema hili sawa, hili kosa, hili kosa kubwa.

Kisha akataja hatari mbili. Ya kwanza ni ya kijana anayeona hesabu za wanafalsafa hazina kasoro, akadhani basi na wanayosema juu ya Mungu ni hayo hayo, akaacha dini kwa kuiga. Mfano huu tunao. Mtu aona ndege yaruka na sindano yaponya, akadhani kwa hiyo mwenye kuunda ndege ajua pia yaliyo baada ya kaburi. Ufundi wa fani moja si ufundi wa kila fani.

Hatari ya pili, na hii ndiyo iliyonishika mimi, ni ya rafiki mjinga wa Uislamu. Huyu adhani dini husaidiwa kwa kukataa kila kilichotoka kwao. Akisikia wamehesabu saa ya kupatwa kwa jua, husema ni uwongo, na kwamba sharia yakataa. Sasa aliyesimama akaona kwa macho jua limepatwa saa ile ile iliyohesabiwa, hataishuku hesabu. Ataishuku dini, kwa kuwa ameambiwa kwamba dini yapinga hesabu. Imam asema dhara ya rafiki huyu ni kubwa. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim na jua likapatwa siku hiyo, watu walidhani limepatwa kwa msiba huo. Yeye akawakatalia, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu, na waonapo hayo wakimbilie sala. Hakukataza kuhesabu.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa rafiki mjinga mwaka ule. Nilidhani nailinda dini.

ASALI NDANI YA CHUKU

Imam ana mifano mizuri ambayo watu wa pwani wataielewa upesi. Asema kwamba asali haiharibiki kwa kutiwa ndani ya kopo la kuumikia. Mtu ambaye nafsi yake yachukia kopo lile, kwa kuwa lajulikana kwa damu chafu, atadhani na asali imenajisika. Huo ni udhaifu wa akili tu. Neno la haki ni neno la haki hata likitoka kinywani mwa mpotevu. Na mwenye kujua kuipima fedha hadhuriki kutia mkono katika mfuko wa mwenye kughushi, akatoa iliyo safi na kuiacha iliyo bandia. Anayekatazwa ni mtu wa shamba asiyejua kupambanua.

Twende na mfano katika masomo ya leo. Binti atakutana na Mskochi Hume, wa karne ya kumi na nane. Huyu asema kwamba hatuoni kwa macho nguvu inayounganisha sababu na matokeo. Twaona moto, kisha twaona pamba yaungua, na kwa mazoea twasema moto umeunguza. Mwalimu pengine atalisifu neno hili kama mlango mpya. Lakini lifungue “Tahafut”, suala la kumi na saba, utakuta moto huo huo na pamba hiyo hiyo! Imam asema kukutana kwa vitu viwili si dalili kwamba kimoja chalazimika kwa kingine. Mwenye kuunguza ni Mwenyezi Mungu, naye ameipitisha desturi yake hivyo, na akitaka aweza kuikata. Hume aliishia kwenye mazoea ya nafsi ya mwanaadamu. Imam aliishia kwa Mola. Wawili wametoka bandari moja wakafika nchi mbili. Mwanafunzi akijua hivyo atakuwa na la kuuliza darasani, hatakuwa mtu wa kupokea tu.

Wala usidhani falsafa ni ya Wazungu peke yao. Marehemu Profesa Henry Odera Oruka, aliyekuwa akisomesha Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka akafariki mwaka 1995, alikuwa akiwaendea wazee wa vijijini Kenya, akawauliza juu ya Mungu, haki na mauti, akayaandika majibu yao kuwa falsafa. Na mwaka 2007 Mjerumani Kai Kresse alitoa kitabu kizima juu ya fikira za watu wa Mombasa, akiwatazama Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo na Sheikh Abdilahi Nassir. Yaani wageni wametoka kwao wakaja kutafuta falsafa kwenye mabaraza yetu, ilhali sisi twawatisha watoto kwa jina lake.

PALE NISIPOAFIKIANA NA IMAM

Sasa nifike kwenye upungufu. Naona ni mambo mawili.

La kwanza ni hukumu yake juu ya watu wa kawaida. Imam asema kwamba kama asiyejua kuogelea azuiwavyo na kingo za mto zenye utelezi, na kama mtoto azuiwavyo kugusa nyoka, basi hivyo hivyo watu wengi wazuiwe kuvisoma vitabu vya wanafalsafa. Na mcheza nyoka asimguse nyoka mbele ya mwanawe mdogo, asije akamwiga.

Msomaji, neno hili huenda lilifaa Tus na Baghdad, ambako kitabu hunakiliwa kwa mkono na kununuliwa kwa dinari. Sisi twakaa visiwani na pwani. Mtoto wa Lamu au wa Pemba hazuiwi na bahari, kwa kuwa bahari iko mlangoni. Ukimzuia leo, kesho atakwenda na wenziwe asipoonekana. Twafanya nini sisi? Twamfundisha kuogelea. Baba humshika tumboni penye maji ya magoti, kisha ya kiuno, kisha humwachilia naye yu karibu. Na maneno ya wanafalsafa leo ni bahari. Yamo katika vitabu vya shule, yamo katika simu aliyonayo mtoto kitandani. Hata asiyekwenda Chuo Kikuu ameshaloa. Basi tusichukue kutoka kwa Imam ile kuzuia peke yake. Tuchukue sababu yake, nayo ni kwamba asiyejua kuogelea huzama, tuifanyie kazi kwa njia inayowezekana kwetu.

Na hili si langu peke yangu. Qadhi Ibn Rushd wa Andalusi, ambaye wanafunzi wa fiq-hi wamjua kwa “Bidayatul-Mujtahid”, alimjibu Imam katika “Tahafut at-Tahafut”. Na katika “Faslul-Maqal” alisema kuwa kumzuia mwenye uwezo asisome hikima, kwa sababu wengine walipotea kwayo, ni kama kumnyima mwenye kiu maji baridi mpaka akafa, kwa sababu kuna watu waliopaliwa na maji wakafa. Kupaliwa ni tukio, na kufa kwa kiu ni hakika. Qadhi huyu naye aliteswa. Mwaka 1195 alihamishwa na vitabu vyake vikachomwa, kisha akarudishiwa heshima kabla ya kufariki Marrakesh mwaka 595 H. (1198). Lakini hata Ibn Rushd hakusema kila mtu apewe kila kitu. Katika hilo yeye na Imam hawako mbali kama watu wadhanivyo. Wanapotengana ni juu ya nani anaweza, na afanywe nini mwenye kuweza.

Na wanachuoni wetu walihitilafiana vile vile. Ibn as-Salah na Imam Nawawi waliikataza hata mantiki. Sheikh Al-Akhdari, katika “Sullam” yake aliyoitunga mwaka 941 H., alizitaja kauli tatu, akaona iliyo bora ni kumruhusu mwenye akili timamu aliyeizoea Qur’ani na Sunna. Iangalie sharti hiyo. Haikusema awe mwanamume, wala awe tajiri, wala awe mzee. Imesema awe na akili, na awe na msingi.

Upungufu wa pili wa kitabu ni mkubwa zaidi, na sijaona watu wakiutaja sana. Ni upweke. Imam alishuku peke yake, hakumwambia mtu. Alisoma falsafa peke yake, bila ya mwalimu. Mwezi wa Rajab mwaka 488 H. ulimi wake ulipofungika asiweze kusomesha, na matabibu wakakata tamaa, hata hapo alipoazimia kuihama Baghdad aliwaambia watu kwamba aenda Makka, ilhali moyoni akusudia Sham. Na Mwenyezi Mungu akamwongoza. Alhamdulillahi.

Lakini kijana wa leo akikisoma kitabu hiki bila ya uangalizi aweza kujifunza kwamba hivyo ndivyo ifaavyo: nyamaza, jifungie, ngoja nuru. Nami nauliza: ni wangapi waliojifungia na nuru haikuja? Imam alipoingia katika shaka alikuwa amelelewa na mcha Mungu, amesomeshwa na Imamul-Haramayn, amehifadhi, amezoea sala na dhikri tangu utotoni. Chombo kilikuwa kimeoshwa kabla ya kumiminiwa. Mwanao ana nini? Juzuu mbili tatu alizohifadhi akiwa na miaka tisa, na fimbo ya maalim? Tukimpa mtoto msingi wa nyumba ya makuti, tusilaumu upepo wa Chuo Kikuu.

BASI TUFANYE NINI?

Wewe mzazi, mwanao akirudi likizo na swali zito, usimwambie arudi kama alivyokuwa. Imam amekwambia kwamba gilasi haiungwi. Kumtaka arudi kwenye kufuata tu ni kumtaka afanye jambo lisilowezekana, na atakalofanya ni kukuficha. Atasali mbele yako na ataacha nyuma yako. Mwambie: “Swali lako ni kubwa, na waliokutangulia wameliuliza. Twende tukamtafute wa kutusaidia.” Swali linalosemwa nyumbani ni salama kuliko linalosemwa gizani.

Wewe mwanafunzi, usisome nusu. Walatini wa zamani walifasiri “Maqasid” ya Imam bila ya “Tahafut”, wakadhani yeye ni mfuasi wa wanafalsafa, ilhali alikuwa akieleza kauli zao tu ili apate kuzirudi. Ndivyo amfanyiavyo mtu mwenye kusoma ukurasa mmoja akatoa hukumu. Soma hoja, soma na jawabu yake. Kisha jua kwamba sala tano haziachwi kungojea mtihani wa akili uishe. Mgonjwa haachi chakula mpaka amfahamu tabibu.

Na sisi walimu, hapa sisi ndio wenye deni. Tusimwone mwenye kuuliza kuwa ni adui. Tusijibu tusichokijua. Kusema “sijui” ni katika adabu za wanachuoni wetu wakubwa, na mtoto akiisikia kwa maalim wake, ataliamini zaidi lile analosema analijua.

Mama yule alirudi siku ya tatu. Nikamwambia: aende, lakini kabla hajaenda tukae naye. Kwa siku arubaini, baada ya Laasiri, binti na binamu zake wawili walikaa barazani kwa mama yao, nami nikawafasiria “Al-Munqidh” kwa Kiswahili, mlango kwa mlango. Siku ya pili tu binti aliuliza swali la yule kijana. Nikafunga kitabu kidogo. Kisha nikamwambia, “Kaa vizuri, tulijibu.” Jawabu langu halikuwa kamili, wala sidhani kwamba lilimtosha. Lakini hakutoka barazani.

Yuko Chuo Kikuu sasa, mwaka wa pili. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku, akaniuliza juu ya watoto wachanga wateswao kwa maradhi, na rehema ya Mungu iko wapi hapo. Nikamwambia kwamba jawabu ya kumtosheleza sina usiku ule, anipe mpaka Ijumaa. Akasema, “Vyema, Maalim, nitangoja.” Bado naisoma.

Ama yule kijana wa 1993, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, nimemwandikia barua. Sikumpa hoja hata moja. Nimemwomba radhi tu, na nimemwambia kwamba swali lake lilikuwa swali la Imam.

Ewe Mola, tuonyeshe haki kuwa haki na uturuzuku kuifuata, tuonyeshe batili kuwa batili na uturuzuku kuiepuka. Walinde watoto wetu mahali ambapo mikono yetu haifiki, na utusamehe walimu kwa milango tuliyoifunga tukidhani twakutumikia.

Wabillahi tawfiq.